Nilivyoipima Blu-ray ya When Harry Met Sally... (sabufa wekeni pembeni kwanza)

Wadau, ingia duka lolote la TV pale Kariakoo utakuta kwenye skrini gari linalipuka au samaki wa rangirangi wanaogelea, hakuna muuzaji anayekuwekea watu wawili wamekaa mgahawani wanabishana, na mi nasema hao wawili wa mgahawani ndo mtihani wenyewe. Mlipuko ukiharibika nani atajua? Moshi ni moshi tu. Ila sura ya mtu kila mmoja wetu anaijua tangu yuko mgongoni kwa mama yake, ikikaa vibaya kidogo unahisi kuna kitu hakipo sawa hata kama huwezi kukitaja, na muvi ya mapenzi na vichekesho haina kingine cha kukuonyesha zaidi ya sura na maneno na ule ukimya mfupi kabla ya neno.

Kazi yangu kwa wasionijua ni kuhariri video, harusi, sendoff, kichen pati, afu nazichoma kwenye diski kwa wale wateja ambao bado wanataka kitu cha kushika mkononi chenye kava na picha yao. Kwa hiyo nikikaa kupima diski ya muvi naiangalia kwa jicho la fundi, sio la shabiki, ingawa hii ya leo na ushabiki pia upo, sifichi.

Diski yenyewe ni ya 2019, imetolewa na Shout! Factory ya Marekani kutimiza miaka 30 ya muvi, maana ilitoka 1989. Mwongozaji Rob Reiner, mwandishi Nora Ephron, wahusika wakuu Billy Crystal na Meg Ryan. (Billy Crystal watoto wenu wanamjua bila kumjua, ndo sauti ya lile zimwi la kijani lenye jicho moja kwenye katuni ya Monsters, Inc.) Stori ni nyepesi: Harry na Sally wanapeana lifti toka Chicago mpaka New York mwaka 1977, wanagombana njia nzima kuhusu kama mwanaume na mwanamke wanaweza kuwa marafiki tu, wanaachana, wanakutana tena miaka mitano baadaye, wanaachana tena, na inaenda hivyo miaka kumi na mbili. Hakuna anayefukuzwa wala anayepigwa risasi. Ni maongezi mwanzo mwisho.

Haya, picha. Blu-ray ya kwanza ya hii muvi ilitoka 2011, hii ya 2019 imefanyiwa skani upya kwa 4K (ukali mkubwa kuliko wa Blu-ray), yaani wamerudi kwenye filamu yenyewe wakaisoma kwa mashine za sasa, wakashusha kwenda kwenye 1080 ya Blu-ray. Kitu cha kwanza ambacho mtu wa Dar atakilalamikia ni zile chembechembe zinazotembea kwenye picha, hasa ukutani na angani. Atakwambia mbona ina chenga. Ndugu yangu, hizo sio chenga za antena. Muvi ya 1989 imepigwa kwenye filamu, na filamu inashika mwanga kwa chembe za madini ya fedha, zikisafishwa zinaacha vidoti vya rangi mahali pake, picha yenyewe imeumbwa na hivyo vidoti, kwa hiyo ukivifuta umefuta na picha. Kuna matoleo mengi ya muvi za zamani ambapo mafundi walitaka kuwaridhisha watu wa flati skrini wakapitisha programu ya kulainisha, matokeo yake mwigizaji anaonekana amepakwa nta usoni, mistari ya pembeni ya macho imepotea, nywele zimekuwa donge moja.

Hili nalijua vizuri kuliko ninavyotaka kulijua. Bibi harusi anakuja ofisini ananiambia kaka nilainishie sura, nalainisha, hela yake, afu mwezi mmoja baadaye mama yake anapiga simu kuuliza mbona machozi ya mwanangu siku ile hayaonekani. Hayaonekani kwa sababu yamelainishwa pamoja na chunusi! Programu haijui tofauti ya chunusi na chozi.

Sasa mwangalie Meg Ryan. Kuna sehemu wako makumbusho ya Metropolitan, Harry anaanza kuongea kwa sauti ya ajabu, lafudhi ya kuchekesha, anamlazimisha Sally arudie maneno. Billy Crystal alikuwa anatunga palepale, haikuwa kwenye maandishi, na Meg Ryan anacheka kicheko cha kweli, afu kwa nusu sekunde macho yake yanakimbia pembeni kumwangalia mwongozaji, kama anauliza tunaendelea au tunakata. Reiner akaliacha lipite, likaingia kwenye muvi. Kwenye kopi za mtaani lile jicho hulioni, unaona msichana anacheka basi. Kwenye hii diski unaliona, na ukishaliona huwezi kuacha kuliona. Kwangu mimi pesa ya diski imerudi hapo.

Kwa nini kwenye kopi halionekani? Hesabu tu. DVD ya PAL (mfumo wa TV wa Ulaya na kwetu huku) ina pikseli, yaani vidoti vya picha, 720 kwa 576, Blu-ray 1920 kwa 1080, ukizidisha utaona Blu-ray ina pikseli mara tano. Hiyo ni kabla hatujagusa ujazo. DVD ya tabaka mbili inabeba GB 8.5, na nyie mnazijua zile diski za muvi nane kwa moja zenye kava la Will Smith mbele na muvi ambazo hata hayumo, gawanya mwenyewe, kila muvi inapata kama GB moja. Blu-ray ya tabaka mbili ni GB 50. Mashine inapobanwa ujazo hivyo inatafuta vitu vya kutupa, na inachotupa kwanza ni mabadiliko madogomadogo yasiyokuwa na makelele, yaani ndo hayo macho, ndo huo mdomo unaotaka kutabasamu ukajizuia. Muvi ya ngumi inavumilia kubanwa. Hii haivumilii.

Rangi ni nzuri, sitaki kurefusha, ile sehemu wanatembea bustani ya Central Park majani yamegeuka kahawia na chungwa bado inakaa kama majani na sio kama fanta. Mpiga picha ni Barry Sonnenfeld, yuleyule ambaye baadaye aliongoza Men in Black. Ila nawaomba kitu kimoja, kabla hujailaumu diski chukua rimoti ya TV toa ile setingi ya dukani inayowaka kupita kiasi, weka ya sinema, shusha ukali wa picha, na uzime ile kitu ya kulainisha mwendo inayofanya kila muvi ionekane kama tamthilia ya mchana. Na zoom usiguse. Kuna sehemu skrini imegawanywa mara tatu, Harry upande mmoja, Sally upande mwingine, katikati marafiki zao wako kitandani, wote wanne wanaongea kwenye simu kwa wakati mmoja wanapishana maneno kwa ufundi wa hali ya juu, sasa ukizoom ili picha ijae TV yako umewakata Harry na Sally mabega, na utani wote uko kwenye kuwaona wote wanne kwa mkupuo.

Sauti ndo naona watu wengi Dar wanapoumia na hawajui kwa nini. Malalamiko ni yaleyale: muziki unasikika, maneno hayasikiki. Sikiliza, kwenye mchanganyo wa 5.1 (spika tano na sabufa moja) maongezi karibu yote yamewekwa kwenye spika ya katikati. Wewe una deki na sabufa yenye spika mbili, umechomeka waya mwekundu na mweupe tu, afu kwenye menyu ya deki sauti imeachwa 5.1, maana yake deki inatuma maongezi kwenye tundu la katikati ambalo hujachomeka kitu, yanapotelea humo. Unabaki na piano na kelele za barabarani. Ingia kwenye setingi za sauti, chagua stereo, deki itachanganya yenyewe na maneno yatarudi. Bure kabisa! Kuna watu wamebadilisha sabufa mbili kwa ajili ya tatizo hili.

Na kwa hii muvi tatizo hilo linaua, chukulia ile sehemu maarufu ya mgahawa wa Katz's. Harry anajigamba kwamba mwanamke hawezi kumdanganya kitandani, Sally anaweka chini chakula chake, anaanza kuigiza zile kelele mbele ya wateja wote saa za chakula cha mchana. Sikiliza kinachotokea nyuma. Mwanzo kuna vijiko, sahani, watu wanaagiza, afu taratibu mgahawa unanyamaza, mpaka anabaki yeye peke yake. Akimaliza anachukua uma anaendelea kula. Kunapita kimya kidogo, ndo mama mtu mzima wa meza ya jirani anamwambia mhudumu kwamba na yeye aletewe kile alichoagiza yule. Huyo mama ni Estelle Reiner, mama mzazi wa mwongozaji, na mstari wenyewe alioutoa ni wazo la Billy Crystal. Kicheko chote kimejengwa kwenye mgahawa kunyamaza, kama sabufa yako inakoroma besi mfululizo hakuna kunyamaza hapo.

Palepale kuna mtego wa maandishi ya chini. Kopi nyingi zimewekewa maandishi yaliyookotwa intaneti ya toleo lingine, yanatokea sekunde nzima kabla ya mama kufungua mdomo, kwa hiyo sebule nzima imeshasoma, imeshacheka, yeye ndo anaongea. Nimeona hii kwa macho yangu na inauma. Kwenye hii diski maandishi ni ya Kiingereza na yanakuja na mdomo, Kiswahili sahau. Halafu muvi za kutafsiriwa, mi nimekulia vibanda umiza, vile vya kuonyesha muvi mtaani, enzi za mtafsiri Lufufu na namheshimu sana, lakini kutafsiri kwa kuongea juu kunafaa muvi ya kivita ambapo kuna nafasi kubwa kati ya maneno, hii imejaa maneno mpaka pembeni, na palipo na kimya kimewekwa makusudi. Mtafsiri akijaza pale amekula utani.

Kingine ni mwendo, na hapa wenye DVD ya zamani ya Uingereza au Dubai wanisikilize. Filamu inapigwa fremu 24 kwa sekunde, DVD ya PAL inakwenda 25, njia rahisi waliyotumia viwandani ni kuiendesha muvi nzima haraka kidogo, kama asilimia 4. Muvi ya dakika 96 inaisha kwenye dakika ya 92. Utasema dakika nne sio kitu, lakini sauti nazo zinapanda, Harry anakuwa na sauti nyembamba kidogo, nyimbo za Harry Connick Jr. zinapanda karibu nusu noti (na huyo jamaa alichukua Grammy kwa albamu ya hii muvi, mwacheni aimbe kwenye sauti yake), na kila ukimya unafupishwa. Blu-ray inakwenda 24 yenyewe. Mara ya kwanza nikiiona kwa mwendo wake halisi nilihisi waigizaji wamepewa pumzi.

Vya ziada viko vya kutosha, kuna sauti mbili za maelezo, moja ya Reiner peke yake na nyingine Reiner, Ephron na Crystal pamoja, anza na hiyo ya watatu kwa sababu wanakatishana na kuchekana, kuna sehemu zilizokatwa, na kuna maongezi mapya ya Reiner na Crystal wamekaa wanakumbushana. Zile sehemu zilizokatwa ziangalie mara moja inatosha, utaelewa kwa nini zilikatwa. Bongo huku sisi tulikuwa na kawaida ya kuuza muvi moja kama part 1 na part 2, diski mbili bei mbili, na ndani hata mahojiano ya dakika tano na mwongozaji hakuna, nawaza kama zile sebene zote za kutambulisha majina zingetolewa tungepata nafasi ya mambo kama haya.

Sasa kabla hujaagiza. Diski za Shout! zimefungwa kwa eneo A, la Amerika. Sisi Afrika kwa Blu-ray tuko eneo B pamoja na Ulaya, kwa hiyo deki ya kawaida uliyonunua hapa itakuonyesha ujumbe wa kukukatalia na hakuna fundi wa lenzi atakayekusaidia, lenzi yako ni nzima. Na usichanganye na namba za DVD, huko Tanzania ni eneo 5, na DVD nyingi unaweza kuzifungua kwa kubonyeza namba fulani kwenye rimoti, Blu-ray mara nyingi haikubali ujanja huo. Unahitaji deki iliyoandikwa kabisa kwamba inacheza maeneo yote, mwambie muuzaji aichomeke na diski ya Marekani mbele yako, asikuonyeshe kwa diski ya kwake. Kama huna deki hiyo na huna mpango nayo, tafuta toleo la eneo B, ila uliza kwanza limetoka kwenye skani ipi, maana kava jipya haimaanishi ndani kuna skani mpya.