Sekunde 7 za Mpigaji: Kocha wa Besiboli Anapogeukia Akili

Kutoka anaposimama mrushaji hadi kituo cha nyumbani, anaposimama mpigaji, ni mita 18.44. Mpira wa kilomita 153 kwa saa huumaliza umbali huo kwa takriban sekunde 0.4. Hapo hakuna kuwaza, ni mazoea tu. Kwa hiyo kocha aliyezoea kurekebisha mikono na nyonga, akitaka kufundisha ukakamavu wa akili, aanze kutazama yanayotokea kabla mpira haujarushwa.

Muda huo sasa una mipaka. Katika ligi kuu ya Marekani, MLB, tangu 2023 mrushaji hupewa sekunde 15 vituo vikiwa vitupu, bila mkimbiaji, na mpigaji sharti awe tayari, macho kwa mrushaji, saa inayohesabu kurudi nyuma ikisoma 8. Akichelewa anahesabiwa straiki, na straiki tatu humtoa. Amebakiwa na sekunde 7 za kuusahau mpira uliopita na kujiandaa kwa unaofuata. Utaratibu wa sekunde 12, hata uwe mzuri vipi, utamponza.

Mimi huzigawa hivi. Sekunde 1, macho yatue kwenye alama moja ya gongo, ile ile kila mara. Sekunde 5 ni za pumzi moja: 2 za kuvuta, 3 za kutoa. Sekunde ya mwisho ni ya neno moja, kisha macho kwa mrushaji.

Pumzi ndiyo inayoharibika zaidi. Mchezaji hujaza kifua, mabega yanapanda, vidole vinalikaba gongo, na gongo lililokabwa huchelewa. Aweke kiganja chini ya kitovu. Kiganja kikisukumwa nje, pumzi imeshuka. Mabega yakipanda, arudie. Neno nalo liwe la kutenda. Ukimwambia "usiufuate mpira wa chini", kichwani unabaki mpira wa chini. "Subiri" linatosha.

Kuachia kosa kunataka kitendo cha mwili. Ken Ravizza, mtaalamu wa saikolojia ya michezo aliyefanya kazi na timu ya chuo kikuu cha Cal State Fullerton, bingwa wa vyuo vya Marekani 2004, alijulikana kwa choo kidogo cha kuchezea: mchezaji aliyekosea anavuta maji, kosa linakwenda nayo. Kufungua na kufunga mkanda wa glovu hufanya kazi ile ile, na mwamuzi hana neno, mradi saa haijafika 8.

Makocha wengi hukwama kwa kufundisha haya darasani. Yafundishwe mchezaji akiwa na gongo mkononi: mipira 20 huku saa ya sekunde ikihesabu, badala ya 60 ya mfululizo. Pembeni andika jambo moja tu, je, pumzi ilivutwa? Matokeo ya kupiga yasiingie daftari hilo, maana mpigaji bora kabisa wa wastani wa .300 hukosa mara 7 kati ya 10. Na tafadhali, adhabu ya kukimbia baada ya kosa si ukakamavu. Inamfundisha mchezaji kuficha kosa.

Mchezaji asiyelala, asiyekula, au anayeogopa kuja uwanjani apelekwe kwa mwanasaikolojia mwenye leseni. Pumzi ya sekunde 5 haikutengenezwa kwa ajili yake.