Je, wajua kwa nini nyumba za miji ya soko ya Uingereza ni nyembamba mbele na ndefu nyuma?

Wageni wengi wanaofika Stratford-upon-Avon, mji mdogo wa katikati ya Uingereza, hukimbilia nyumba aliyozaliwa Shakespeare mwaka 1564. Mimi ningeanza na ramani. Kanisa la kale la mji liko pembeni, kando ya mto, mbali na maduka. Mitaa ya katikati nayo imenyooka na kukatana kana kwamba imepigwa rula. Mji uliokua wenyewe, nyumba moja baada ya nyingine, ungelizunguka kanisa lake.

Pale kanisani ndipo kilipokuwa kijiji, na hadi leo mtaa huo unaitwa Old Town, yaani Mji wa Zamani. Mji wenyewe ulipimwa baadaye, kwenye mashamba ya upande wa kaskazini. Mwenye ardhi alikuwa Askofu wa Worcester, John wa Coutances. Mwaka 1196 alipata kibali cha Mfalme Richard wa Kwanza kufungua soko kila Alhamisi. Askofu huyu hakuwa mjinga wa hesabu: shamba humlipa mwenyewe msimu wa mavuno, lakini soko huingiza ushuru kila wiki.

Basi viwanja vikakatwa. Kipimo kilikuwa ufito wa mita 5 hivi. Kila kiwanja kilipata fito tatu na nusu upande wa barabara, na fito 12 kwenda nyuma, yaani kama mita 18 kwa 60. Hapo ndipo penye jibu la swali letu. Kila mfanyabiashara anataka uso wa barabara, maana hapo ndipo mnunuzi anapopita. Ukimpa mmoja uso mpana, umewanyima wenzake. Kwa hiyo nafasi ikarefushwa kwenda nyuma: mbele duka, kisha karakana, ghala, banda la nguruwe, choo, na mwisho bustani ya mboga. Baadaye wenye viwanja walipogawa ili kuuza au kupangisha, walipasua kwa urefu, nusu kwa nusu au theluthi, kwa sababu hakuna aliyekubali kipande kisichogusa barabara. Ndiyo maana nyumba zikazidi kukonda, na vichochoro vya kupitia kwenda uani vipo mpaka sasa.

Pango la kiwanja kizima lilikuwa shilingi 1 kwa mwaka (ndiyo, shilingi yetu ilichukua jina huko). Lakini chambo chenyewe kilikuwa uhuru. Mkulima wa kijijini alidaiwa siku za kufanya kazi shambani kwa bwana wake; mwenye kiwanja mjini alilipa fedha tu, na aliweza kukiuza au kukirithisha. Watu wakaja. Kufikia miaka ya 1251 na 1252 viwanja vilivyochukuliwa vilikuwa kama 240. Wengi walitoka vijiji vya jirani, na tunajua hilo kwa sababu waliandikwa kwa majina ya vijiji vyao.

Askofu hakuwa peke yake. Karne ya 13 kila mwenye ardhi mwenye tamaa aliomba kibali cha soko, hata ikabidi sheria iingilie. Kanuni inayohusishwa na jaji Henry de Bracton ilisema soko jipya lililo ndani ya maili 6 na theluthi 2 kutoka soko la zamani, karibu kilomita 11, linaweza kuhesabiwa kuwa ni kero kwa lile la zamani. Mbona hesabu ya ajabu hivyo? Mtu alikadiriwa kutembea maili 20 kwa siku. Gawa kwa tatu: theluthi ya kwenda, theluthi ya kuuza na kununua, theluthi ya kurudi nyumbani kabla giza na wanyang'anyi hawajaingia. Hata hivyo, masoko mengi yaliyopewa kibali yalikufa.

Siku ya soko kila bidhaa ilikuwa na mahali pake. Stratford bado ina Sheep Street, Mtaa wa Kondoo, na Rother Street, ambayo jina lake ni neno la kale la ng'ombe. Usafi ulikuwa vita. Mwaka 1552 John Shakespeare, aliyekuja kuwa baba wa yule mshairi, alitozwa faini ya shilingi 1 kwa kurundika samadi mtaani. Pango la mwaka mzima la kiwanja, kwa zamu moja ya uvivu!

Na ile barabara pana kupita kiasi unayoiona katikati ya miji hii ndiyo uwanja wa soko wenyewe. Huko Thame, karibu na Oxford, Askofu wa Lincoln alipata ruhusa mwaka 1219 ya kupindisha barabara kuu ili wasafiri wapite sokoni kwake, wapende wasipende. Uwanja ukaachwa mpana. Lakini meza za wauzaji zikawekewa paa, paa likapata kuta, kuta zikapata orofa. Leo katikati ya barabara hiyo kuna kisiwa cha majengo. Yazunguke utaona hayana zile bustani ndefu za nyuma. Mgongo wao nao ni barabara, kwa sababu yamesimama palipokuwa na meza.