Kumtazama mgonjwa ni kazi ya mikono

"Nalikuwa mgonjwa, mkaja kunitazama," anasema Yesu katika Mathayo 25:36. Kitenzi cha Kigiriki kilichotumika hapo ndicho kilichomo katika Yakobo 1:27, kuwatazama yatima na wajane katika dhiki yao, na neno askofu limetoka kwenye shina hilohilo. Ni kuangalia hali ya mtu na kumshughulikia. Lakini makundi mengi ya kanisa hufika, huimba, huomba na kuaga, na mgonjwa hubaki amelalia mgongo vilevile alivyokutwa. Maombi ni haki yake. Kugeuzwa pia ni haki yake.

Asiyeweza kujigeuza ageuzwe takriban kila baada ya saa 2. Uzito unapoikandamiza nyama juu ya mfupa, damu haipiti, na mara nyingi nyama huharibika chini kabla ngozi haijapasuka. Ndiyo maana kidonda huonekana kimetokea usiku mmoja.

Mwe wawili. Tandikeni shuka iliyokunjwa chini yake, kuanzia mabega hadi mapaja, kila mmoja ashike upande wake, kisha mnyanyueni kwa pamoja. Kumburuta huchubua ngozi. Msimlaze ubavu kamili, maana nyonga itabeba mzigo wote. Mwegemezeni kama nyuzi 30, mto ukiwa nyuma ya mgongo. Mto mwingine ukae chini ya mashavu ya miguu, visigino visiguse godoro. Wapo wanaomkalisha juu ya mpira wa duara wenye tundu katikati, kwa nia njema kabisa, nao hubana damu kuzunguka eneo lilelile wanalolinda.

Kila mkimgeuza, kagueni mfupa wa mkia, nyonga, visigino, viwiko na kisogo. Bonyezeni alama kwa kidole: ikibaki na rangi yake bila kufifia, ngozi imeanza kuumia. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo tafuteni weusi uliozidi, joto, au ugumu kuliko ngozi ya jirani. Asilalie hapo tena, na msipasugue wala kupakanda. Ngozi ikishafunguka, aitwe muuguzi siku hiyohiyo.

Chakula apewe akiwa ameketi wima, vijiko vidogo, akimeza kwanza ndipo kingine kifuate, naye abaki ameketi kwa dakika 30 hivi. Akianza kukohoa, acheni. Kumlisha aliyelala ni kumhatarisha: chakula chaweza kuingia mapafuni.

Jambo linaloumiza sana ni ugonjwa wake kutangazwa ibadani bila ruhusa yake. Mwulizeni yeye mwenyewe, si jamaa zake, jina lake litajwe au la, na kwa maneno gani. Wala asiambiwe kamwe kwamba kumeza dawa ni upungufu wa imani.

Yupo mwingine nyumbani humo asiyetazamwa: anayemuuguza usiku na mchana. Ratiba ya kanisa impe saa 3 za kutoka au kulala, siku ileile kila juma, bila yeye kuomba. Mkimwambia "tuite ukihitaji," hataita. Andikeni majina mawili kwa kila zamu na la tatu la akiba, kisha mwachieni nakala ya ratiba, ajue nani anakuja na saa ngapi.