Ukiteleza Kwenye Ngazi za Ploti, Uliza Nani Hununua Balbu

Mama mmoja aliingia ofisini kwangu mkono wa kulia ukiwa kwenye plasta. (Nimebadilisha mambo madogomadogo ili asitambulike.) Alikuwa amemtembelea dadake kwenye ghorofa moja huko Kayole. Ilikuwa usiku, taa za ngazi zimeungua, na tangi la juu linavuja. Alipofika orofa ya tatu akateleza. "Wakili, nataka yule keateka afungwe," akaniambia hata kabla ya kuketi.

Nikamweleza kwamba hapa hafungwi mtu. Hii ni kesi ya madai, na tunachotafuta ni fidia. Tena huenda keateka si wa kudaiwa kabisa. Yeye hufagia, hufungua geti, na akiomba hela za matengenezo huambiwa angoje. Nikamuuliza: "Mama, taa za ngazi zikiungua, nani hununua balbu?"

Swali hilo ndilo kiini cha Sura ya 34 ya sheria za Kenya, inayohusu wajibu wa mtu kwa wageni wanaoingia mahali pake. Sheria hiyo ilifuata ile ya Uingereza ya mwaka 1957. Haiulizi hatimiliki ina jina la nani. Huuliza nani ana usemi juu ya mahali pale: nani anaweza kufunga mlango, kurekebisha ngazi, kumzuia mtu asipite. Ndani ya nyumba uliyopanga, kwa kawaida usemi huo ni wako wewe mpangaji. Mgeni wako akijikwaa kwenye zulia lako lililokunjamana, usimtafute mwenye nyumba. Lakini ngazi, korido, geti na paa la kuanikia nguo hubaki mikononi mwa mwenye nyumba, au ajenti wake, au wote wawili.

Wote wawili, ndiyo. Mwaka 1966 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza iliamua kesi ya Wheat dhidi ya kampuni ya bia ya Lacon. Mgeni aliyelala kwenye baa alianguka ngazi za nyuma, gizani, akafa. Reli ya kushikia iliishia kabla ya ngazi za mwisho, na balbu haikuwepo. Baa ilikuwa ya kampuni, lakini aliyeishi pale na kuiendesha alikuwa meneja. Majaji wakasema wajibu unaweza kuwa wa kampuni na meneja kwa pamoja. Mawakili hupenda kunukuu sehemu hiyo na kuikimbia inayofuata: mjane wa marehemu alishindwa. Ilionekana balbu iliondolewa na mtu baki, na kampuni haingeweza kulaumiwa kwa jambo hilo.

Kwa hiyo kuanguka peke yake hakukupi kesi. Sheria inadai uangalifu wa kadiri tu, wa kumfanya mgeni awe salama kiasi kwa shughuli iliyomleta. Mahakama itataka kujua hatari ilikuwepo tangu lini, nani aliijua, na alifanya nini. Hapo ndipo kesi nyingi ninazoletewa hufia. Mtu huja baada ya mwaka mmoja, hana picha hata moja, maji yalishakauka, na kamera za jengo zilishafuta zilichorekodi.

Mama yangu huyu alikuwa na bahati ya dada mbishi. Wiki tatu kabla ya ajali, dada huyo alikuwa ameandika kwenye kundi la WhatsApp la wapangaji kwamba ngazi ni giza na zina maji. Ajenti yumo kundini, na alikuwa amejibu kwa kidole gumba. Sijawahi kufurahia kidole gumba namna ile.

Upande wa pili nao ungekuwa na la kusema: mbona hukuwasha tochi ya simu? Ni hoja halali. Mahakama ikiona nawe ulichangia kwa asilimia 30, fidia ya shilingi 400,000 inashuka hadi 280,000. Gharama za hospitali zinataka risiti. Ujumbe wa M-Pesa unaonyesha ulituma pesa, hauonyeshi ulilipia nini.

Kuna pia yale matangazo ya "ingia kwa hatari yako". Onyo husaidia likiwa linatosha kumwepusha mgeni na hatari yenyewe. Kibao cha sakafu mbichi kilichofichwa nyuma ya mlango hakimwonyi mtu. Mtoto naye hasomi vibao, na sheria inamtaka mwenye mahali atarajie kwamba watoto hawana tahadhari ya watu wazima. Fundi wa umeme ni kinyume chake: anatarajiwa kujikinga na hatari za kazi yake mwenyewe. Na kama wewe ni mwajiriwa uliyeumia kazini, njia yako ni ile ya sheria ya fidia za wafanyakazi ya 2007, ambayo nitaiandikia siku nyingine.

Muda wa kufungua kesi ya aina hii ni miaka 3 tangu siku ya kuumia. Ukiwa unaidai serikali, ni miezi 12 tu, na huo umewaponyoka wengi. Dai lisilozidi shilingi milioni moja linaweza kwenda Mahakama ya Madai Madogo, ambako sheria inataka uamuzi utolewe ndani ya siku 60 tangu kesi ifunguliwe.

La Mama lilikuwa chini ya milioni. Tukaanza na barua ya madai kwa mwenye nyumba na kwa ajenti. Ajenti akajibu haraka kwamba yeye hukusanya kodi tu, na mwenye nyumba yuko ng'ambo, hivyo matengenezo yote yanamsubiri. Nikamwandikia tena, nikaambatisha picha ya kile kidole gumba, nikamkumbusha kwamba balbu zinauzwa hapo hapo Kayole.