Kuchemsha sana hakukomboi kiporo: dhana potofu za sandwichi za mabaki ya Idd

Kila Idd ikipita, simu zinaanza. Mimi ni mpishi wa shughuli hapa Mtwara na nafundisha kutengeneza vitafunwa, kwa hiyo watu wananiuliza wafanye nini na pilau iliyobaki, kuku wa nazi aliyebaki, na ile nyama ya kuchinja ambayo majirani wameileta wote kwa mpigo. Nawaambia watengeneze sandwichi. Boflo lipo, korosho zipo, embe bichi zipo. Kisha nauliza chakula kimelala wapi, na hapo nasikia jibu lile lile: "Kwenye sufuria, dada, lakini usijali, asubuhi tumekichemsha mpaka kimetokota."

Jibu hilo nimelichoka. Nimelisikia kwa akina mama wa Chuno, kwa vijana wa Shangani wanaojipikia wenyewe, na kwa wateja wangu wa Lindi ambao wana friji nzuri sebuleni iliyojaa soda na maji. Wote wanaamini kwamba moto wa asubuhi unafuta makosa ya usiku. Haufuti.

Moto unaua bakteria walio hai. Baadhi yao wana mbegu ngumu ziitwazo spora, nazo nyingi zinabaki, na sumu ambayo baadhi yao wameshaitoa ndani ya chakula inabaki pia. Kwenye wali na pilau mhusika mkuu ni Bacillus cereus. Huyu makazi yake ni udongoni, anaingia jikoni na mchele wenyewe, na mbegu zake zinastahimili mchemko wa kwanza kabisa, ule wa siku ya sikukuu. Pilau inapoiva, bakteria wengine wameshakufa na yeye amebaki bila mshindani. Sufuria ikianza kupoa mbegu zinachipua, bakteria wanazaliana, na wengine wao wanatengeneza sumu iitwayo sereulide. Sumu hiyo imejaribiwa kwa joto la nyuzi 121 kwa dakika 90 na ikabaki na nguvu yake. Maji yanayochemka jikoni kwako yanafika nyuzi 100 tu. Sasa huko kutokota kunasaidia nini? Mlaji anaanza kutapika kati ya nusu saa na saa sita baada ya kula, na lawama zote wanapewa mayonezi.

Kwenye nyama kuna mwingine, Staphylococcus aureus. Watu wengi wazima wa afya wanambeba puani na kwenye ngozi, na penye jipu au kidonda cha kidole ndiyo makao yake. Kuku wa sandwichi anachambuliwa kwa mikono, vidole kumi vinapita kwenye kila unyuzi wa nyama, kisha bakuli linaachwa mezani wakati tunasubiri mtoto arudi na mkate. Hapo ndipo sumu yake inapotengenezwa, na nayo haiondoki kwa kuchemsha. Nawa kwa sabuni, funika kidonda, chambua, na kama mkate haujafika, bakuli lirudi kwenye friji.

Kwetu hali ni ngumu zaidi kwa sababu ya joto. Bakteria hawa wanastawi kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60, na Shirika la Afya Duniani linasema chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili. Wataalamu wa Marekani wanapunguza hadi saa moja hewa ikizidi nyuzi 32. Jiko la uani lenye mkaa, mchana wa Januari, Mtwara au Lindi, linafika hapo bila shida. Mimi nashika saa moja mwaka mzima na sibishani na mtu.

Tena tuna desturi ya kupalia makaa juu ya kifuniko ili pilau ikauke vizuri. Kwa kupikia ni desturi nzuri sana na siiachi. Kwa kuhifadhia ni balaa. Sufuria kubwa ya shughuli ikiachwa juu ya majivu ya moto, katikati yake inabaki vuguvugu mpaka alfajiri, na uvuguvugu huo ndio bakteria wanaoutaka.

Kwa hiyo sandwichi ya kesho inaamuliwa leo, kabla hujapakua. Hili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote kwa wanafunzi wangu: tenga sehemu ya sandwichi kabla chakula hakijaingia kwenye masinia. Kilichorudi kutoka kwenye sinia, mikono ya wageni ikiwa imeshachovya, si cha kesho. Kilichotengwa kitandaze kwenye trei au bakuli pana, kina kisizidi sentimita 5, kipoe haraka, kifunike, kiingie kwenye friji ya nyuzi 4 au chini yake. Nyama inakaa siku tatu hadi nne. Pilau mimi naimaliza kesho yake, na mchuzi wa tui vilevile, maana tui halichelewi kuchacha. Ukipasha, pasha mpaka ndani kabisa pafike nyuzi 70, chakula kitoe mvuke hadi katikati, na upashe mara moja tu. Huna friji? Pika kwa kipimo, au gawa chakula siku hiyo hiyo kingali cha moto. Sadaka ya jioni ya Idd ina baraka zake, na haimuumizi mtu tumbo.

"Nimeweka kwenye hotpoti, kwa hiyo kiko salama." Hapana. Hotpoti imetengenezwa kufikisha chakula mezani kingali cha moto, na kwa saa chache inafanya hivyo vizuri. Usiku kucha joto linashuka polepole chini ya nyuzi 60 na kukaa humo humo. Clostridium perfringens, bakteria wa masufuria makubwa ya nyama, anazaliana kwa kasi zaidi kati ya nyuzi 43 na 47, na katika hali hiyo anaongezeka maradufu kwa kama dakika 10. Huyu, kwa haki, kupasha vizuri kunamuua. Lakini ni nani anayepasha nyama ya hotpoti asubuhi? Inatoka humo moja kwa moja hadi kwenye mkate.

"Chakula cha moto kinaharibu friji, acha kipoe mpaka asubuhi." Sufuria nzima inayofuka mvuke usiitumbukize, kweli, itapasha joto vyakula vya jirani yake. Ukishagawa kwenye vyombo vya kina kifupi na mvuke ukapungua, weka. Kisa cha umeme kukatika nacho kina kanuni yake: friji isipofunguliwa inalinda chakula kwa saa nne hivi, kisha nyama na pilau ni za kutupa.

"Nimenusa, haijachacha." Sumu nilizozitaja hazina harufu wala ladha. Pua inakuambia chakula kimeoza, haikuambii kama kina sumu.

"Nimekamulia limau na pilipili nyingi." Vizuri, kitakuwa kitamu. Sumu iko pale pale.

Samaki nimtenge, kwa kuwa watu wa pwani tunajiona tumemaliza elimu yake. Jodari, vibua na nguru wakikaa juani kabla ya kupikwa wanajenga kemikali iitwayo histamini, na haiondolewi kwa kukaanga, kuchemsha wala kugandisha. Mtu anakula sandwichi ya jodari, ulimi unawasha kama pilipili, uso unakuwa mwekundu, kichwa kinauma, mwili unawasha, kisha anaambiwa ana aleji ya samaki maisha yake yote. Mara nyingi ni samaki aliyekosa barafu. Nunua aliyelala kwenye barafu, na akibaki atendewe kama nyama nyingine.

Tukishavuka hapo, tuje kwenye utamu, ambako nako kuna imani za ajabu.

Watu wanasema sandwichi bila mayonezi si sandwichi. Wanasema hivyo katika mikoa ya korosho! Chukua kuku wa nazi, toa mifupa, rudisha mchuzi peke yake motoni mpaka tui likaze na mafuta yaanze kujitenga. Huo ndio mpako wako, na una ladha ambayo hakuna kopo linaloweza kukupa. Rudisha kuku humo, apate moto mpaka ndani, kisha panga kwenye mkate na vipande vyembamba vya embe bichi na korosho za kukaanga zilizopondwa zibaki chembe kubwa. Mbaazi za nazi zinafaa vilevile: kaanga kitunguu mpaka kiwe kahawia, tia mbaazi, ponda nusu yake, acha zikauke, paka nene, weka yai la kuchemsha lililokatwa juu yake. Mgeni hatajua kwamba ni mabaki.

Wanasema wali hauingii kwenye mkate. Ukiumwaga ulivyo, kweli hauingii, unamwagika mapajani. Ponda viazi vya pilau, changanya na pilau yenyewe ya baridi, nyama iliyokatwa ndogo ndogo, yai moja na giligilani. Finyanga katlesi bapa, zikaange kwa moto wa wastani mpaka katikati zipate moto wa kutosha, kisha zilaze ndani ya boflo na achari ya limau.

Wanasema kachumbari ikiwa nyingi ndiyo utamu. Chumvi inavuta maji ya nyanya na kitunguu, na mkate unakuwa uji kabla hujaufikisha mdomoni. Toa mbegu za nyanya, tia chumvi, subiri dakika 10, kamua, ndipo uweke. Mkate upakwe siagi upande wa ndani kwanza, mafuta yanazuia maji kupenya.

La mwisho ni mkate wenyewe. Mkate wa jana unatupiwa kuku wa uani kana kwamba umeoza, ilhali kwa sandwichi ya kuchoma ni bora kuliko wa leo, maana hausinyai ukibanwa. Ugumu wake ni wanga kujipanga upya, na jambo hilo linakwenda haraka zaidi ndani ya friji, kwa hiyo usiuweke humo. Uache kabatini ukiwa umefungwa, au ugandishe kwenye friza. Ukiota ukungu tupa wote, kukata kipande chenye doa hakutoshi, nyuzi zake zinapita ndani usikoziona. Ambao ni mgumu tu, ujaze, upake siagi kidogo kwa nje, uweke kwenye chuma cha chapati juu ya moto mdogo, ukandamize kwa sufuria ndogo yenye maji, dakika tatu kila upande, ule ungali unalia meno yakikutana nao.