Nyumba ya Mbagala na hofu ya mirathi

"Wakili, mwanangu, nyumba niandikie kwa jina la kijana wangu mkubwa. Sitaki kuwaachia watoto kesi." Mzee mmoja wa Mbagala, Dar es Salaam, alinieleza hivyo kabla hata hajaketi.

Hofu yake naielewa. Bila wosia, familia inafuatilia cheti cha kifo RITA, wakala wa serikali wa usajili, inakaa kikao cha ukoo na kuandika muhtasari, ndipo inapeleka maombi mahakamani na kusubiri tangazo. Ada yenyewe si ya kutisha. Pesa zinaishia kwenye nauli, kwenye tarehe zinazoahirishwa, kwa wakili pingamizi likitokea. Halafu kuna kodi ya vyumba, ambayo ndugu mmoja anaipokea kimyakimya wenzake wakisubiri. Hiyo kodi nimeiona ikivunja undugu kuliko viwanja.

Nikamuuliza: "Mzee wangu, kijana akikopea hiyo hati benki, mama yake atalala wapi?"

Akanyamaza. Ukishahamisha umiliki, nyumba si yako tena. Kijana akitangulia kufa, inaingia kwenye mirathi yake yeye, nawe unageuka mgeni kwenye kikao cha wakwe. Tena ikiwa ni nyumba ya ndoa, Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inataka ridhaa ya mke.

Sasa tazama unachopata mahakamani. Msimamizi wa mirathi, anayeteuliwa na mahakama, anatoa hesabu. Sheria ya Mirathi, Sura ya 352, inamtaka alete orodha ya mali ndani ya miezi 6 na hesabu ndani ya mwaka 1 tangu ateuliwe. Aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo ana miezi 4 tu. Akifuja, warithi wanaweza kuomba atenguliwe. Anayeibuka msibani na daftari la deni anaambiwa alete ushahidi. Fomu namba 4, ile barua ya kumteua msimamizi inayosumbua watu Mahakama ya Mwanzo, ndiyo inayomzuia mjomba asiende benki kuchukua pesa za marehemu kwa maneno matupu.

Kwa mzee huyu sikupendekeza kuikwepa mahakama kwa kila kitu. Ana mke mmoja na nyumba ina hati, kwa hiyo nikamshauri waimiliki pamoja bila kugawa hisa, ili anayebaki hai aichukue yote. (Angekuwa na wake wawili, ushauri ungegeuka.) Shamba na akiba nikasema vipitie mirathi, lakini kwa wosia unaomtaja msimamizi, nakala ihifadhiwe RITA. Kwa kuwa ni Mwislamu, nikamkumbusha kuwa wosia hauvuki theluthi ya mali, wala hauwezi kumwongezea mrithi fungu wenzake wasiporidhia.

"Kwa hiyo kijana simpi kitu?"

"Atapata fungu lake, baba, pamoja na dada zake."

Aliondoka bila kusaini kitu. Wiki mbili baadaye alirudi na mkewe, na mama ndiye aliyeshika hati, kaifunga kwenye kanga.