Vekta: tatu na nne si lazima ziwe saba

“Tatu ukijumlisha na nne ni saba.” Kwa mbuzi, sawa. Kwa vekta, jibu hilo huwakosesha alama vijana wengi wa kidato cha tatu ninaowafundisha hapa Jinja, na siwalaumu: tangu darasa la kwanza tumewazoesha namba zisizo na mwelekeo.

Vekta ina ukubwa na mwelekeo. Chukua mtumbwi unaovuka Nile kutoka Jinja kwenda upande wa Njeru. Tuseme mto una upana wa mita 300, mpiga kasia anakwenda mita 1.5 kwa sekunde, omo, yaani sehemu ya mbele ya mtumbwi, imeelekea ng’ambo moja kwa moja, na maji yanateremka mita 2 kwa sekunde. Ukiniambia mwendo wa mtumbwi ni 3.5, umekosea. Chora mshale wa kasia, kisha anzia kwenye ncha yake uchore mshale wa maji. Unganisha mwanzo wa ule wa kwanza na ncha ya ule wa pili: hiyo ndiyo jumla. Hapa kuna pembe mraba, basi 1.5 mara 1.5 ni 2.25, 2 mara 2 ni 4, jumla 6.25, na kipeuo chake cha pili ni 2.5. Hiyo 3.5 ungeipata kama mkondo ungemsukuma mgongoni.

Wengine hushikilia kwamba mkondo humchelewesha kuvuka. La! Maji yakiwa yametulia au yanakimbia, ni sekunde 200 zilezile. Ila yatakuwa yamemteremsha mita 400. Tena kwa mkondo huu, hata aelekeze omo wapi, hatatua mkabala na alipoondokea, maana 1.5 haiwezi kuimeza 2.

Alama ya kutoa nayo haimaanishi vekta imepungua. Urefu ni uleule, mshale umegeuka tu. Mwenye boda akienda Kampala, kama kilomita 80 hivi, kisha akarudi, jumla ya vekta zake ni sifuri. Mafuta, bila shaka, atalipia kilomita 160.

Mwisho, ile dhana kwamba vekta imegandishwa pale ilipochorwa. Ukiisogeza bila kuizungusha wala kubadili urefu wake, ni vekta ileile. Ndiyo maana tuliweza kuuweka mshale wa maji kwenye ncha ya kasia. Jaribu kuanza na maji, umalizie na kasia: utafika palepale.